Bango la Bei kwenye Ukuta wa Ghala: Kisa cha Blogu ya Korosho Mtwara

Kabla ya kuanza

Mwenye blogu ninayemzungumzia amekisoma kisa hiki mara mbili kabla sijakitoa. Aliniomba niondoe jina lake, jina la blogu, kijiji alikozaliwa na chama cha msingi kilichoguswa. Nimeondoa vyote, na nimegeuza mambo madogo mawili matatu ambayo mtu wa Newala au Tandahimba angeyatumia kumtambua. Nilikuwa karibu naye tangu mwanzo, maana alinifuata nimsaidie kuifungua hiyo blogu, na baadhi ya makosa mtakayoyaona humu yalitokana na ushauri wangu.

Nawaandikia vijana wa kusini wenye blogu za kilimo, uvuvi, afya au historia, wanaoandika kwa bidii na hawaoni msomaji. Kila mtu huwaambia watumie mitandao ya kijamii. Ni kweli watumie. Ila namna ya kuitumia ndiyo iliyotugharimu.

Usuli

Ni dada wa miaka ishirini na kitu, mwenye stashahada ya kilimo, binti wa mkulima wa korosho kutoka uwanda wa juu wa Makonde. Riziki yake inatoka kwenye duka la pembejeo Mtwara mjini. Kila ikifika Juni, mikorosho inapoanza kutoa maua, alikuwa anaulizwa dukani maswali yale yale: nipulize lini, nimepuliza mbona maua yanakauka, salfa ya unga na dawa ya maji ipi bora. Mwaka 2022 akaona afungue blogu ya bure ya Blogger, ili akiulizwa amwelekeze mtu akasome.

Makala zake zilikuwa sahihi. Aliandika kuhusu ubwiriugu, yaani ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua, kuhusu mbu wa mikorosho, palizi ya kabla ya kuokota, kukausha korosho kabla ya kuzipeleka ghalani, na kwa nini zinafungwa kwenye magunia ya katani wala si kwenye viroba vya plastiki. Na Mtwara hakukosa mahali pa kuuliza. Bodi ya Korosho ina makao yake makuu hapa, na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiko nje kidogo ya mji.

Nieleze pia biashara yenyewe inavyokwenda, kwa sababu bila hiyo bango la bei halitaeleweka. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho ghafi zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, chama kinaufikisha ghala kuu, halafu mnada unafanyika chini ya chama kikuu: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara. Bei inayotangazwa mnadani siyo inayofika mkononi mwa mkulima, kwa kuwa katikati yake kuna makato. Orodha ya makato hayo inaitwa mjengeko wa bei. Wakulima wengi wanalijua neno hilo kwa kulisikia tu, kama wanavyolisikia neno unyaufu pale uzito wa mzigo unapopungua, na anayewaeleza kwa utulivu hapatikani.

Pengo hilo blogu ingeweza kuliziba. Kwa miezi yake sita ya kwanza haikuziba chochote. Ukiacha ndugu na marafiki, wasomaji wa siku nzima walihesabika kwa vidole.

Linki kila mahali

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa huu: ingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakulima, weka linki, watu watakuja. Akaingia magrupu 11. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alibandika linki moja kote, juu yake ameandika "Bonyeza hapa usome zaidi".

Ndani ya wiki mbili alitolewa kwenye magrupu manne. Admini mmoja, mtu mzima, alimtumia ujumbe pembeni:

"Binti, hapa tunazungumza. Wewe unakuja, unabandika tangazo, unaondoka. Hujatusalimia hata siku moja."

Aliumia. Alinionyesha ujumbe ule huku macho yamemlenga machozi, nami nikamwambia wapo watu wasiopenda maendeleo. Nilikosea. Mzee yule alikuwa amesema jambo la kweli kabisa, na ilituchukua karibu mwaka kulielewa.

Facebook alifungua ukurasa, akawa anaweka linki na picha ya mkorosho. Posti zenye linki zilionwa na watu wachache mno ukilinganisha na zile za picha na maneno matupu. Instagram ndiko alikotumia muda mwingi kuliko kwingine, akitengeneza picha nzuri sana, lakini linki ukiiandika kwenye maelezo ya picha haibonyezeki, na waliompongeza walikuwa vijana wa mjini ambao baba zao ndio wenye mikorosho. Sitakaa sana kwenye sehemu hii. Ilikuwa jasho jingi na mavuno haba.

Kitu kimoja tu cha wakati ule kilitufaa baadaye. Mkulima mmoja aliyeulizwa kwa nini hafungui linki alijibu kwamba bando analonunua ni la WhatsApp peke yake. Linki ikitokea, simu inazunguka, inazunguka, inagoma. Siku zote tulikuwa tunamwita mtu aje kwenye nyumba ambayo hana nauli ya kuifikia.

"Unapuliza saa ngapi?"

Juni 2023 mzee mmoja alichukua namba ya simu kwenye risiti ya duka, akatuma ujumbe wa sauti.

"Mwanangu, nimepuliza salfa mara mbili na maua bado yanavaa unga mweupe. Mmeniuzia salfa mbovu?"

Dada akamjibu kwa sauti vilevile. "Shikamoo baba. Kabla hatujailaumu salfa, naomba uniambie, unapuliza saa ngapi?"

"Saa nne, nikishatoka kwenye mihogo."

Tatizo lilikuwa hapo hapo. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado uko juu ya majani na maua, upepo ukiwa haujaanza. Umande ndio unaoishika. Saa nne umande umekwisha na upepo umeamka, kwa hiyo salfa inakwenda kwa jirani. Alimweleza hayo kwa dakika mbili, kwa lugha ya nyumbani, akamtajia na dalili za kutazama baada ya wiki moja. Hakuweka linki. Hata hakuikumbuka.

Kesho yake asubuhi ile sauti ilikuwa inazunguka kwenye magrupu, yakiwemo yale aliyotolewa. Watu wakaanza kumtafuta wao.

Jioni ile tulikaa Shangani, tukafika kwenye maamuzi matatu ambayo mpaka leo ndiyo yanayoiendesha blogu yake. La kwanza, jibu litolewe lote pale pale mtu alipouliza. Linki ibaki kwa anayetaka zaidi, kwa mfano jedwali la vipimo au picha za ugonjwa. La pili, swali lililoulizwa na watu watatu tofauti linakuwa makala, na makala ianze kwa maneno ya aliyeuliza. La tatu alilitaka yeye: sauti ya mtu haiingii kwenye blogu bila mwenyewe kuombwa. Mzee wa salfa alipoombwa alijibu, "Andika, mwanangu, ila jina langu liache, wataniita mzee wa saa nne."

Kuanzia hapo blogu ilibadilika kwa ndani, na kwangu hili ni kubwa kuliko idadi ya wasomaji. Makala ya zamani ya ubwiriugu ilianza kwa kueleza kuwa ni ugonjwa unaosababishwa na fangasi aitwaye Oidium anacardii. Makala mpya ilianza na sentensi "Saa nne asubuhi umeshachelewa", jina la fangasi likashuka aya ya nne. Kichwa kilichosema "Udhibiti wa visumbufu vya mikorosho" kikawa "Maua ya korosho yanakauka, nifanyeje?" Hayo ndiyo maneno ambayo mtu anayachapa Google usiku akiwa na wasiwasi na shamba lake. Makala hizo zikaanza kupata wasomaji ambao hawakupitia mtandao wowote wa kijamii.

Wasomaji wakaanza pia kumsahihisha. Mkulima wa ukanda wa pwani, karibu na Mikindani, alimwambia kwamba mikorosho yake haitoi maua wakati mmoja na ile ya Newala, hivyo kumwandikia "anza kupuliza Juni" ni kumpoteza. Alikuwa sahihi. Makala ikaandikwa upya imtake mkulima autazame mti, aone maua yameanza kuchomoza kiasi gani, badala ya kutazama kalenda.

Na kulikuwa na sauti za usiku. Baada ya saa tatu zilikuja sauti za akina mama kutoka kwenye simu zilizosajiliwa kwa majina ya wanaume. Hawakuuliza habari za kupuliza. Waliuliza habari za kubangua: mafuta ya ganda yanatuunguza vidole, tufanyeje, tukipaka majivu tu inatosha, moshi wa kukaangia una madhara kwa mtoto mgongoni? Dada huyu alikuwa na makala zaidi ya 30 na hakuna hata moja iliyogusa kubangua, ilhali mama yake mzazi alisomesha watoto kwa korosho za kubangua. Alipoiandika ile makala aliipeleka kwanza kwa mama yake aisikilize.

Mwishoni mwa 2023, baada ya WhatsApp kuleta chaneli, alifungua ya kwake. Sababu mojawapo ilikuwa ukubwa, maana grupu lina kikomo cha watu 1,024. Sababu nzito zaidi ilikuwa akina mama hawa. Kwenye grupu namba ya kila mtu inaonekana na kila mwanachama, na kwenye chaneli wafuasi hawaonani. Kwa kuwa chaneli ni ya kutoa na siyo ya kupokea, namba ya duka ikabaki kuwa mlango wa maswali.

Mei 2024: barabara ilipokatika

Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, wilaya ya Kilwa. Abiria na magari ya mizigo yalikwama. Dada alikuwa na mzigo wa pembejeo njiani, akaweka kwenye chaneli alichoambiwa na dereva. Ndani ya siku mbili wafuasi waliongezeka kuliko miezi mitatu iliyopita. Tarehe 12 mwezi ule ule nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukawa wa kubahatisha Afrika Mashariki nzima, na hapo kila aliyeweza kupata ujumbe wowote aliusambaza.

Nilimshauri aendelee na habari. Alikataa. Alisema habari na matukio mtandaoni yana leseni yake ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na yeye ni mtu wa elimu ya kilimo. Akaongeza kwamba yule dereva angemdanganya, yeye asingekuwa na namna ya kujua. Barabara ilipopitika akarudi kwenye mikorosho, na baadhi ya wale wafuasi wapya wakaondoka.

Nalitaja hili kwa sababu Mei alikuwa na tahadhari ambayo Oktoba ilimponyoka.

Oktoba: bango

Msimu wa 2023 wakulima wengi waliuza kwa bei iliyozunguka shilingi 2,000 kwa kilo. Oktoba 2024 minada ilianza kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, na bei ya mwanzo ikavuka shilingi 4,000. Mtu asiyeishi kusini hawezi kujua siku ile ilikuwaje. Watu walipigiana simu kama wanapeana habari za harusi.

Dada alitengeneza bango kwenye simu yake. Rangi ya kijani, picha ya korosho, na katikati tarakimu kubwa ya bei ya juu kabisa ya mnada. Juu yake: BEI YA KOROSHO LEO. Pembeni, kwa herufi ndogo, jina la blogu.

Hapakuwa na tarehe. Hapakuwa na jina la chama kikuu. Hapakuwa na maneno "bei ya juu", wala neno moja kuhusu makato. Maelezo yote hayo yalikuwemo kwenye makala ndani ya blogu, ambayo linki yake iliwekwa chini ya picha. Nilimuuliza baadaye kwa nini aliyaacha. Alisema alitaka iwahi, na tarakimu ikae kubwa ili wazee waisome bila miwani. Kwa mtu aliyejua wasomaji wake, ilikuwa na mantiki. Mimi nililiona bango lile asubuhi na nikamtumia alama ya dole gumba.

Picha ilisafiri na linki ikabaki nyuma. Mtu akiipakua picha na kuituma upya, maneno ya chini hayaifuati. Kufikia jioni ilikuwa kwenye status za watu tusiowajua, na siku sita baadaye bado ilikuwa inazunguka, bado inasema LEO.

Katika siku hizo mnada mwingine ulifanyika na bei ikashuka. Kwenye kijiji kimoja wakulima walilipwa kwa bei ya mnada huo wa baadaye, ikiwa imeshatolewa makato. Kabla ya malipo, kijana mmoja alikuwa ameipeleka picha stesheneri, akaichapisha kwa rangi, akaibandika kwenye ukuta wa ghala la chama. Alidhani anawasaidia wazee wasio na simu janja. Watu wakapokea hela, wakatazama ukuta, wakapiga hesabu. Tofauti ilikuwa ya kumtoa mtu akili.

Katibu wa AMCOS aliitwa mwizi mbele ya ghala lake. Alifunga ofisi kwa siku mbili. Hakuna aliyepigwa, namshukuru Mungu kwa hilo.

Siku nne za kusahihisha

Dada alipata habari usiku, kwa picha ya ukuta ule. Jambo la kwanza alilofanya ni kufuta. Alilifuta bango kwenye chaneli, kwenye ukurasa wa Facebook na ndani ya makala. Namwelewa, mkono wa mtu aliyeshtuka hukimbilia kufuta. Lakini ilizidisha tatizo. Asubuhi katibu alikuwa anatafuta kitu cha kuwaonyesha wakulima kwamba bango ni la mnada uliopita, hakukiona popote. Kilichobaki duniani ni karatasi ya ukutani, isiyo na tarehe.

Siku ya pili akalirudisha kila mahali, likiwa limepigwa mstari mwekundu, juu yake tarehe ya mnada na jina la chama kikuu. Kisha akatengeneza bango la masahihisho lenye ukubwa ule ule na kijani kile kile, kwa hoja kwamba jicho lililoliona la kwanza lilitambue la pili. Akarekodi sauti ya dakika moja na nusu inayoanza na "Nilikosea". WhatsApp huwekea kikomo ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, unapita kwenye soga moja moja tu, kwa hiyo hakutegemea watu wasambaziane. Aliituma upya yeye mwenyewe kwa kila admini aliyemjua, mmoja mmoja, na wengine akawapigia kabisa.

Mmoja wao alikuwa yule mtu mzima aliyemtoa mwaka juzi. Alimrudisha kwenye grupu akamwambia, "Salimia kwanza, halafu waeleze mwenyewe." Akasalimia, akaeleza, akakaa kujibu maswali mpaka saa sita usiku.

Siku ya tatu akafunga duka, akapanda gari, kisha bodaboda, akaenda kijijini. Alibeba mjengeko wa bei wa minada yote miwili, umechapishwa kwa herufi kubwa. Alipofika ghalani alitaka kulichana bango. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye gunia akamzuia.

"Usilichane, mjukuu wangu. Ukilichana watasema mmekuja kuficha. Bandika hilo lako pembeni, watu wasome yote mawili."

Akabandika pembeni. Siku ya nne akasimama mbele ya wanachama, akaeleza mstari kwa mstari jinsi bei ya mnada inavyokuwa hela ya mkononi, akamwomba radhi katibu hadharani. Katibu alimjibu kwa sauti ya chini, nami nilikuwepo:

"Dada, mimi nimekusikia. Ila mke wangu ameambiwa sokoni kwamba sufuria yake inapika hela za watu."

Hakuna masahihisho yaliyowahi kufika kwenye lile neno la sokoni.

Matokeo

Ofisi ilifunguliwa na malipo yakaendelea. Wapo mpaka sasa wanaoamini kuwa katibu alichukua. Chaneli ilipoteza wafuasi, na maswali ya sauti yalipungua hadi ilipofika Januari ndipo yakaanza kurudi.

Kutokana na mkutano ule ilizaliwa makala inayosomwa kuliko zote kwenye blogu: "Kwa nini hela ya mkononi haifanani na bei ya mnada". Ilijengwa kwa stakabadhi za wakulima wenyewe, waliozipiga picha na kumtumia, majina yakiwa yamefunikwa. Watu walifunga safari hadi dukani wakiwa na karatasi zao wasomewe. Kwa upande wa fedha, matangazo ya blogu hayalipi hata umeme wa duka. Faida yake inaonekana kwa wateja wanaokuja kwa jina la blogu.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa kwenye kile tulichokihesabu. Tangu siku ya kwanza tulipima mafanikio kwa kusambaa: wangapi wameona, wangapi wametuma. Kwa kipimo hicho bango la Oktoba ndiyo kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Sauti ya mzee wa salfa pia ilisambaa, lakini iliposafiri ilikuwa imekamilika. Ndani yake mlikuwa na swali, sababu, jibu na dalili za kutazama. Hata ingemfikia mtu Liwale baada ya mwaka mzima, bado ingekuwa kweli. Bango lilikuwa kweli kwa siku moja, kwa chama kikuu kimoja, kwa mzigo wa bei ya juu, na hakuna hata kimoja cha hivyo kilichoandikwa juu yake.

Mwenye blogu anafikiri msomaji anaiona blogu. Msomaji haioni. Anaona kipande kilichokatwa, kwenye simu ya shemeji yake, bila linki. Kwa hiyo chochote kinachobadilika na wakati, iwe bei, dawa au tarehe ya mnada, lazima kibebe tarehe, mahali na mipaka yake ndani ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka. Hata kama tarakimu itapungua ukubwa.

Kufuta lilikuwa kosa la pili, na naliona kwa watu wengi. Ukiona umekosea, acha kosa lionekane likiwa limepigwa mstari. Kuna mtu mahali fulani anahitaji kulionyesha kuwa ni kosa.

Kwa upande wa yaliyofanya kazi, nina hakika na moja kuliko mengine. Mitandao ilimpa dada huyu makala zaidi ya ilivyompa wasomaji. Kubangua, saa ya kupuliza, tofauti ya maua ya pwani na ya juu, makato: vyote viliingia kupitia sauti za watu, na ndivyo vinavyosomwa. Kabla ya hapo alikuwa anaandika alichofundishwa chuoni. Kuomba ruhusa kulichangia pia, kwa sababu baada ya tukio watu walimtumia stakabadhi zao wenyewe. Asiyeaminika hatumiwi karatasi ya hela.

Kwenda kijijini yeye mwenyewe nakuhesabu kuwa uamuzi bora wa kisa kizima, na ni uamuzi ambao hakuna mwongozo wowote wa mitandao ungeupendekeza. Bango lilikuwa limetoka kwenye simu, limekwenda ukutani. Masahihisho ya kwenye simu yasingeufikia ukuta.

Liko jambo moja ambalo bado hatukubaliani. Sasa hatoi bei yoyote mpaka ameupata mjengeko wa bei kutoka kwa mtu wa chama, na mara nyingi hiyo ni kesho yake. Mimi naona ni kuchelewa mno. Kati ya mnada na kesho yake wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua kwa magendo nje ya mnada, wako vijijini na bakuli zao za kupimia, na mkulima asiyejua bei ndiye wanayemtaka. Ukimya nao una anayeumia. Yeye anasema wa kangomba wamekuwepo kabla ya blogu yake, na lile neno la sokoni lilitoka kwenye blogu yake. Tumelizungumza mara nyingi, na sijapata jibu la kumpa.

Kwa sasa kila bango lina mistari mitano: tarehe, chama kikuu, bei ya juu, bei ya chini, na "makato hayajatolewa". Kabla halijatoka analituma kwa watu watatu, na wa kwanza wao ni katibu yule yule wa AMCOS, ambaye alikubali baada ya kuombwa mara mbili. Mara nyingi anajibu neno moja, "Sawa". Msimu uliofuata alimrudishia moja. Siku na mwezi vilikuwepo, mwaka haukuandikwa.